MKAZI NI NANI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya viongozi wa matawi kutoka Geita, Kahama, Kishapu na Shinyanga



Hatukuja leo kumsema mtu wala kumsifu mtu. Tumekuja kuzungumza juu ya maneno matatu tu ya sheria, nayo ni haya: mkazi wa kawaida. Huenda wengine watasema kwamba maneno matatu hayawezi kutukalisha hapa jua likiwa utosini. Lakini maneno haya ndiyo yanayoamua nani atakaa katika Halmashauri ya Kijiji, nani atampigia kura, na nani ataambiwa, “Wewe nyamaza, si wa hapa.” Katika nchi yetu hii ya dhahabu na almasi, ambamo watu huhamahama wakifuata maduara, hakuna neno lenye ugomvi kuliko hilo.

Kwanza tutazame sheria. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika tarehe 27 Novemba 2024, mpiga kura alitakiwa awe raia, awe ametimiza miaka 18, awe mkazi wa kitongoji au mtaa wake, na awe amejiandikisha. Mgombea alitakiwa awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na shughuli halali ya kumpatia riziki, adhaminiwe na chama chake, na tena awe mkazi wa kawaida wa mahali anapogombea. Nayo sheria ya mwaka 1982 iliyorudisha serikali za mitaa wilayani yasema kwamba kila mtu mzima akaaye kijijini kwa kawaida ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Haikusema aliyezaliwa pale. Haikutaja kabila wala kaburi la babu. Imesema akaaye.

Sasa tazameni ajabu moja. Katiba yetu haimtaki Mbunge awe mkazi wa jimbo lake. Ibara ya 67 inataka uraia, umri, kisomo na chama. Mtu aweza kukaa Dar es Salaam mwaka mzima akawa Mbunge wa huku kwetu, na sheria haitamgusa. Lakini mwenyekiti wa kitongoji chenye kaya chache lazima alale hapo hapo. Je, sheria imekosea kumbana mdogo na kumwachia mkubwa? Sisi twaona haikukosea. Mbunge hutunga sheria za nchi nzima. Mwenyekiti wa kitongoji huamua mambo ambayo hayaonekani kutoka mbali: mpaka wa shamba la mama mjane, kisima kilichoingia maji ya karasha, mtoto aliyeacha shule akaenda kuchekecha mchanga mialoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndugu zangu, msidhani Halmashauri ya Kijiji ni kikao cha kunywea chai. Ina wajumbe kati ya 15 na 25, na angalau robo yao lazima wawe wanawake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri hiyo ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, wala haiwezi kumgawia mtu ardhi bila Mkutano Mkuu kukubali. Mtu akija na gari na karatasi akitaka ekari za kijiji, mlango anaobisha ni huo.

Panda ngazi moja ufike halmashauri ya wilaya, ambayo madiwani wake nao hutakiwa kuwa wakazi wa eneo lao. Huko yapo mambo mazito zaidi. Migodi mikubwa hulipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ya mapato ghafi. Tena marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yamemtaka kila mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuwafaa wananchi wanaouzunguka mgodi, na mpango huo lazima ukubaliwe na serikali ya mitaa ya mahali hapo. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, kule Msalala, mwaka 2001. Basi fedha za zahanati, madawati na barabara, iwe Geita mjini au Kakola, hupita mikononi mwa watu tuliowachagua. Tukimchagua mtu ambaye watoto wake hawasomi katika shule zetu na mke wake hajifungulii katika zahanati zetu, tusishangae dawati likikosekana.

Haya si mambo mapya huku. Wazee waliopo wanajua habari ya Geita ya mwaka 1958. Serikali ya kikoloni, chini ya Gavana Twining, ilikuwa ikitaka mabaraza ya mseto, yaani Waafrika, Wazungu na Wahindi wakae pamoja katika baraza la wilaya, na Geita ikawekewa baraza la namna hiyo. Watu hawakuulizwa. Siku zile TANU ilikuwa imenyimwa ruhusa ya kuendesha matawi Usukuma tangu mwaka 1954, lakini watu hawakungoja kadi ya chama ili wajue kinachowauma. Mamia walikwenda Mwanza kudai wasikilizwe, na polisi wakawatawanya. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa maneno aliyoandika katika gazeti la Sauti ya TANU kuwashutumu maofisa wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Fedha hizo, pauni 150, ndizo zilizokuwa kipimo cha mapato ya mwaka kwa mtu asiye na kisomo cha darasa la nane wala cheo, kama alitaka kupiga kura ya mseto ya mwaka 1958 na 1959. Lakini kabla ya Uhuru siasa ya kulazimisha mabaraza ya mseto ilikuwa imekwisha kuachwa.

Twakumbusha habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu wa Geita hawakukasirishwa na rangi ya ngozi ya mjumbe. Walikasirishwa na kuwekewa watu wa kuwasemea ambao wao hawakuwachagua. Ya pili, leo hatupimwi kwa pauni 150 wala kwa darasa la nane. Kipimo kikubwa kilichobaki kwa mpiga kura ni uraia, umri na ukazi. Basi kipimo hicho tusikiache kikachezewa, kwa maana anayetaka kutunyima kura leo hawezi tena kutuuliza mshahara. Atatuuliza tunakaa wapi.

Kipimo hiki kina maadui wawili. Adui wa kwanza ni yule asiyekaa lakini anataka kutawala. Ana nyumba ya bati kijijini, imefungwa kufuli, mlinzi analala barazani. Yeye mwenyewe yuko Mwanza au Kahama mjini, anakuja Krismasi na kwenye misiba. Ukikaribia uchaguzi analeta mipira ya vijana na kanga za akina mama, jina lake linaingizwa katika orodha, na mtu wa kumuuliza hakuna. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa jambo moja juu ya rejesta: jina kuandikwa si mahudhurio. Mtoto aweza kuwa na jina zuri ukurasa wa kwanza, na mbele yake sifuri tupu toka Januari mpaka Desemba. Mwalimu hawezi kumpa mtoto huyo cheo cha kiranja.

Adui wa pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa huvaa nguo za uzalendo. Huyu husema, “Hawa wachimbaji ni wageni, hawa ni watu wa kuja, wasipige kura, wasigombee.” Mchimbaji amekaa Rwamgasa au Nyarugusu miaka saba. Ameoa hapo, watoto wake wanasoma hapo, amechangia ujenzi wa darasa, amezika mtoto hapo. Lakini siku ya kugawa magwangala anaambiwa si mkazi, na siku ya uchaguzi anaambiwa arudi kwao. Ajabu ni kwamba siku ya michango hakuna anayemwambia arudi kwao.

Tuwaulize wanaosema hivyo: nani katika Geita si mtu wa kuja? Wazinza, Walongo na Wasumbwa walikuwapo zamani. Lakini katika miaka ya 1940 na 1950 Serikali yenyewe, katika mpango wake wa maendeleo ya Usukuma, ilifyeka mapori yenye mbung'o na kuwahimiza watu wa Kwimba, Maswa, Mwanza na Shinyanga wahamie magharibi, kwa sababu kwao ng'ombe walizidi malisho na ardhi ilichoka. Walikuja na ng'ombe na mbegu za pamba. Wanangwa wa mahali waliwapokea wakawaonyesha mahali pa kulima. Wajukuu wao ndio leo wenye maduka na mashamba, na baadhi yao ndio wanaopaza sauti kwamba mchimbaji ni mgeni. Kisha ikaja Operesheni ya mwaka 1974, ambayo huku Shinyanga ilihamisha maelfu ya kaya na kuzipanga vijijini. Vijiji vyetu vingi ni vijiji vya watu waliohamia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukishampa jembe akalima nawe, usimnyime kiti kikaoni.

Sungusungu ilipoanza upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, ililinda ng'ombe wa kijiji kwa kumtaka kila mwanamume wa kijiji aamke usiku yowe likipigwa. Haikuuliza umetoka kwa ntemi gani. Ilitaka ujue njia za hapo na majirani zako wakujue. Huo ndio ukazi, nao wazee wetu waliuelewa bila kufungua kitabu.

Lakini ndugu zangu, tuwe waadilifu. Hofu ya wanakijiji wa zamani si uongo mtupu. Rashi ya dhahabu ikitokea, mahali palipokuwa na kaya mia patajaa watu maelfu kwa mwezi mmoja. Dhahabu ikiisha wanaondoka na kuacha mashimo, zebaki na vyoo vilivyojaa. Je, ni haki watu wa mwezi mmoja wachague mwenyekiti wa miaka mitano, kisha waondoke wakawaachie wengine? Swali hili ni la haki, na mtu akiuliza tusimwite mbaguzi.

Jibu letu ni hili. Kwa mpiga kura, kipimo kiwe maisha yake. Anapolala, anapopikiwa au kupika, watoto wake wanaposoma, anapotibiwa, anapochangia, kama amejulishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji na majirani wanamjua. Aliyeweka turubai jana kwenye rashi hawezi kuonyesha hata moja kati ya hayo. Aliyekaa miaka saba ataonyesha yote. Na yule anayechimba Geita wakati wa kiangazi, kisha mvua zikianza anarudi kwenye kaya yake Kishapu kulima, huyo ana ukazi mmoja, nao ni ule wa kaya yake. Achague mahali pamoja ajiandikishe pamoja. Kujiandikisha mara mbili ni kosa, tena ni kumwibia jirani.

Kwa mgombea, twaona kanuni ziseme wazi: awe amekaa mahali hapo mfululizo miezi 12 kabla ya uteuzi. Maneno “mkazi wa kawaida” peke yake yanamwachia msimamizi wa uchaguzi nafasi kubwa mno. Akimpenda mtu, miezi miwili inatosha. Akimchukia, miaka kumi haitoshi. Katika uchaguzi wa mwaka 2019 na ule wa 2024 majina mengi ya wagombea yalienguliwa, na malalamiko yakawa mengi. Sheria iliyo na tarakimu hupunguza ugomvi, kwa kuwa kila mtu anajua kuhesabu miezi. Wala hili si jambo geni duniani. Waingereza, katika sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 1972, wanamkubali mgombea ambaye amekaa mahali miezi 12, au amefanya kazi yake kuu hapo kwa muda huo. Hilo la pili sisi tusiliige. Huku kwetu mkubwa wa mgodi aweza kufanya kazi Geita na kulala Mwanza, hasa sasa ambapo daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, na anayelala Mwanza maji yake ya kunywa si yale yetu.

Wengine wametuuliza juu ya wanawake, nao wameuliza vyema. Msichana aliyeolewa mwezi uliopita akatoka Solwa kwenda Masumbwe, naye angoje mwaka mzima? Twajibu: kura yake aipige tangu siku anapohesabiwa kuwa mkazi, na katika Mkutano Mkuu aseme tangu siku hiyo hiyo. Kugombea atangoja miezi 12 kama wengine, na hiyo si adhabu bali ni muda wa kujulikana. Lakini lipo jambo la wanawake linalotuuma zaidi ya hilo, nalo ni la mjane. Mume akifa, ndugu zake humwambia, “Rudi kwenu,” na kesho yake jina lake linakatwa katika orodha ya kijiji. Huo ni uongo juu ya sheria. Mwanamke hapati ukazi kwa mume ili aupoteze kwa kaburi. Amelima hapo, analala hapo, basi ni mkazi wa hapo, apige kura na agombee hapo. Viongozi wa matawi, tukisikia jina la mjane limekatwa, ni wajibu wetu kwenda naye kwa mtendaji siku hiyo hiyo.

Tena tusifikiri ukazi ni habari ya kura tu. Novemba 2022 bwawa la mabaki la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipasuka, tope likafunika mashamba na makazi ya watu wa Kishapu. Baada ya jambo kama hilo huwezi kuwahesabu waliopatwa bila kujua kwanza nani alikuwa akikaa wapi. Kijiji chenye daftari safi la wakazi kinaweza kusimama mbele ya kampuni yoyote na kusema, “Watu wetu ni hawa.” Kijiji chenye daftari la ovyo kitaona majina ya watu wasiojulikana yakitangulia kwenye fidia, na wenye tope mlangoni wakiambiwa wangoje.

Basi tufanye nini? Twaomba kila tawi lirudi na kazi tano.

Moja, ulizeni daftari la wakazi la kila kitongoji liko wapi na liliandikwa lini mara ya mwisho. Likiwa halipo, lidaini katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo yapasa uitishwe kila miezi mitatu, na usipoitishwa hilo nalo ni la kuuliza.

Mbili, waendeeni wachimbaji kule maduarani, mkawaeleze kwamba ukazi hauji wenyewe. Mtu aende kwa mwenyekiti wa kitongoji ajitambulishe, ahudhurie mikutano, atoe michango na adai stakabadhi, kisha aitunze. Stakabadhi ya mchango wa darasa ni shahidi asiyesahau.

Tatu, orodha ya wapiga kura inapobandikwa ili ikaguliwe, isomeni jina kwa jina pamoja na wazee na akina mama wa kitongoji. Watafuteni wasiokaa ambao wameandikwa, na wanaokaa ambao wameachwa. Msitafute ya kwanza mkasahau ya pili.

Nne, mgombea asiyekaa akiteuliwa, wekeni pingamizi kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, na mkikataliwa nendeni kwa Kamati ya Rufani. Fanyeni hivyo hata kama mgombea huyo ni wa chama chetu. Twarudia, hata kama ni wa chama chetu. Chama kinachofumbia macho mtu wake leo hakitakuwa na mdomo wa kumsema mtu wa mwenzake kesho.

Tano, msimpinge mtu yeyote kwa kabila lake, mahali alipozaliwa, au kazi ya mikono yake. Pingamizi la namna hiyo tukilisikia limetoka katika tawi letu, twawaambia mapema kwamba sisi tutasimama upande wa aliyepingwa.

Kwa kalenda ya miaka mitano, uchaguzi ujao wa vijiji na mitaa utaangukia mwaka 2029. Mtu aweza kuona ni mbali. Lakini ukazi haujengwi wiki ya uandikishaji. Anayetaka kugombea na aanze sasa kukaa na watu wake, na wanaotaka kumchagua waanze sasa kumtazama anakaaje. Na yule mchimbaji ambaye bado analala kwenye turubai, akiamua kujenga hata chumba kimoja cha udongo na kumpeleka mtoto shule, mwambieni kwamba amekwisha kuanza safari ya kwenda kwenye kiti cha halmashauri, wala hakuna mwenye haki ya kumzuia njiani.

Maswali tutayapokea kivulini, na daftari la kwanza tutalikagua leo jioni katika kitongoji hiki hiki tulichokaa.